Bima ya Bunduki za Uwindaji Zinazosafirishwa Nje ya Nchi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari

Mmiliki wa bunduki ya kuwindia anapoikabidhi silaha yake kwa shirika la ndege, haioni tena hadi afike mwisho wa safari, pengine baada ya kubadilisha ndege mara mbili. Bunduki za mitutu miwili zinazotengenezwa kwa mkono na mafundi wa Uingereza, kama vile Holland & Holland na Westley Richards, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya Dola za Marekani. Zipo pia zilizorithiwa, ambazo haziwezi kupatikana tena dukani. Makala haya yanaeleza namna ya kukinga mali hiyo dhidi ya upotevu, wizi na uharibifu awapo safarini.

Ukomo wa fidia ya shirika la ndege

Wasafiri wengi hudhani kuwa mzigo ukipotea, shirika la ndege hulipa thamani yake yote. Sivyo ilivyo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unaweka ukomo wa fidia ya mizigo kwa kila abiria. Tangu tarehe 28 Desemba, 2024, ukomo huo ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), sawa na takriban Dola za Marekani 2,000. Kiasi hicho kinahusu mizigo yote ya abiria, si bunduki peke yake.

Mkataba huo unamruhusu abiria kutamka thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo na kulipia ada ya ziada iwapo itatakiwa. Hata hivyo, ni vema kuuliza masharti ya shirika husika mapema, kwa kuwa tamko hilo haliwezi kutolewa baada ya hasara kutokea.

Bima inayofaa

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haihusishi silaha, au huweka kiwango kidogo cha fidia kwa kila kifaa. Bima ya nyumba nayo huweza kuishia mlangoni. Hivyo basi, mmiliki anashauriwa kuomba bima ya hatari zote inayoitaja bunduki kwa aina, nambari na thamani yake, pamoja na darubini ya kulengea na sanduku lake. Hati ya bima ionyeshe nchi zote zitakazopitiwa na itamke wazi kuwa kinga inaendelea mzigo ukiwa mikononi mwa msafirishaji.

Kwa bunduki ya kale au ya kurithi, mkataba wa thamani iliyokubaliwa huepusha mabishano baadaye. Msingi wake ni tathmini ya mtaalamu na picha za mtutu, kitako na nakshi. Kupunguza thamani ili kulipa ada ndogo ni hasara: bunduki ya Shilingi milioni 40 iliyokatiwa bima ya milioni 20 ikipata uharibifu wa milioni 8, mwenye bima huweza kulipwa milioni 4 tu.

Aidha, mwenye bima asome kwa makini mambo yasiyofidiwa. Kwa kawaida ni pamoja na kutu, uchakavu, silaha iliyoachwa ndani ya gari bila uangalizi, na ile iliyotaifishwa na mamlaka za nchi.

Bima haitenganishwi na sheria

Kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, mkazi wa Tanzania hapaswi kukata bima kwa kampuni ya nje bila idhini ya Kamishna wa Bima. Kampuni na madalali waliosajiliwa wanatambuliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).

Leseni ya silaha, kibali cha kuitoa nchini na kibali cha nchi inayokwenda viwe tayari kabla ya safari. Afrika Kusini, kwa mfano, mgeni hujaza fomu namba 520 ya Jeshi la Polisi na kuitia saini mbele ya ofisa anayemhudumia. Risasi hazizidi kilo 5 kwa abiria, pamoja na uzito wa kifungashio chake. Bunduki yenye mapambo ya pembe za ndovu inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa pembe hizo zinadhibitiwa na Mkataba wa CITES. Ikikamatwa kwa kosa hilo, usitegemee bima.

Hasara inapotokea

Sanduku lifunguliwe na kukaguliwa mahali palipoidhinishwa na maofisa wa uwanja. Ikionekana kasoro, taarifa itolewe papo hapo kwa shirika la ndege, na malalamiko ya maandishi yafikishwe ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo. Mzigo usiofika ndani ya siku 21 humpa abiria haki ya kudai kama uliopotea. Kesi dhidi ya shirika hufunguliwa ndani ya miaka 2.

Silaha ikiibwa au kupotea, polisi wa mahali hapo wajulishwe bila kuchelewa, kisha kampuni ya bima. Nakala za leseni, vibali, tathmini na hati ya bima zihifadhiwe mbali na sanduku la bunduki, kwa sababu sanduku likipotea, nyaraka hizo ndizo zitakazothibitisha dai la mmiliki.