NYOTA NA WATOTO WETU, SEHEMU YA 4: Uhuru, darubini ya eksirei iliyorushwa Kenya

Sehemu iliyopita tulikuwa na Kilimia, nyota ambazo wazee walizitazama kujua msimu wa kulima, pamoja na majina ya sayari tuliyonayo kwa Kiswahili: Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Mama mmoja akaniambia, "Hayo ya wazee sawa, lakini darubini na setilaiti si ni mambo ya huko kwao?" Ndiyo nimeamua leo tuongee kuhusu Uhuru.

Tuanze na kitu mnachokijua. Mtoto anakohoa wiki ya tatu, daktari anaandika picha ya kifua, mnaelekezwa chumba cha eksirei. Hiyo eksirei ni nuru. Ni ndugu wa nuru ya jua na ya kibatari, ila ina nguvu zaidi na jicho haliioni. Nyama laini inaipitisha, mfupa unaizuia, ndiyo maana mfupa unatoka mweupe kwenye picha. Aliyeigundua ni Mjerumani, Wilhelm Röntgen, mwezi Novemba 1895. Mwezi uliofuata alipiga picha mkono wa mke wake, mifupa ikaonekana na pete kidoleni. (Na wewe mwenye mimba, au hata unayehisi tu huenda unayo, sema kabla hujaingia chumba kile. Usisubiri kuulizwa.)

Sasa kumbe hata huko angani kuna eksirei. Shida ni kwamba hewa inazizuia zote kabla hazijatufikia, na ni afadhali, maana ngozi na damu za watoto wetu zisingevumilia. Kwa hiyo darubini ya eksirei huwezi kuiweka mlimani. Hata ukipanda Uluguru mpaka kilele cha Kimhandu, zaidi ya mita 2,600, bado uko chini kabisa ya blanketi la hewa.

Tarehe 18 Juni 1962, Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, na wenzake walirusha roketi yenye kipimo cha eksirei. Ilikaa juu ya hewa dakika chache tu, ikashuka. Lakini ilikuta eksirei kali zikitoka upande wa kundi la nyota la Nge. Huyo Nge mnamjua. Mwezi wa saba, saa tatu usiku, yuko karibu na utosi, na kwa sisi wa mjini Morogoro mkia wake unainamia upande wa milima. Ile nyota nyekundunyekundu ndiyo moyo wake. Chanzo chenyewe cha eksirei hakionekani kwa macho.

Dakika chache hazitoshi. Muuguzi yeyote atakwambia, mgonjwa humjui kwa kumpima mara moja, unamfuatilia. Wakahitaji chombo kitakachobaki juu.

Hapo ndipo pwani yetu inaingia. Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi baharini, San Marco, kwenye ghuba karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ni digrii tatu tu kusini ya ikweta. Dunia inavyozunguka, mtu aliye ikweta anakimbizwa kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa bila kujisikia, na roketi ikirushwa kuelekea huko inapewa msukumo wa bure. Mbele ni bahari tupu, kwa hiyo mabaki yake hayamwangukii mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ikaondoka pale na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya nyota za eksirei peke yake. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, ndiyo setilaiti ikaitwa Uhuru. Aliyesimamia mradi ni mwanamke, mhandisi wa NASA, Marjorie Townsend. Mama wa watoto wanne wa kiume. Waonyesheni binti zenu hapo.

Uhuru haikuwa na kioo kama darubini ya kawaida. Ilikuwa na masanduku mawili yenye gesi, yakitazama pande mbili tofauti, na midomo yake imefunikwa kwa vijibomba vyembamba. Kunja karatasi, chungulia kupitia humo: unaona kipande kidogo tu cha ukuta, lakini unajua kiko wapi. Ikawa inajizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa kama dakika 12, inakagua anga kipande kwa kipande.

Mimi kilichonimaliza ni hiki. Kwenye chanzo kimoja kinachoitwa Centaurus X-3 ilikuta mapigo, moja kila sekunde 4.8, bila kukosea. Halafu kila baada ya siku mbili mapigo yanapotea kwa muda na kurudi. Maelezo yake: ni nyota ndogo, nzito mno, inajizungusha, na kila ikipita nyuma ya nyota kubwa mwenzake tunaikosa.

Kingine, Cygnus X-1, kilikuwa kinyume chake. Kinapepesa harakaharaka bila mpangilio, kama mapigo ambayo ukiyashika kwenye kifundo unamwita daktari. Wanaanga wakatafuta mahali pale kwa darubini za kawaida, wakakuta nyota kubwa inayozungukana na kitu kisichoonekana kila siku 5.6. Kitu hicho ndicho cha kwanza kukubalika kwamba ni shimo jeusi, yaani nyota iliyojikunja mpaka nuru yake haitoki tena. Eksirei tunazopata zinatoka kwenye gesi ya moto inayozunguka kabla ya kumezwa. Kiko mbali kiasi kwamba nuru yake inasafiri zaidi ya miaka 7,000 kutufikia.

Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Giacconi alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mwezi wa tisa, saa tatu usiku, wasimamisheni watoto watazame kaskazini, upande wa Dakawa, katikati ya upeo na utosi. Cygnus X-1 iko hapo. Hawataiona, lakini watajua wanatazama wapi.

Sehemu ya 5 ni Alhamisi: kwa nini Mwezi unatufuata tukiwa kwenye basi.