Mgeni Asiyeandikwa Kitabuni

Kitabu cha wageni katika gesti za mji wa Korogwe, mkoani Tanga, hufanana na cha gesti nyingine nchini: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya chumba, sahihi. Mama akifika jioni na mtoto wa mwaka na ushei kamlaza mgongoni kwa mbeleko, anayeandikwa ni mama. Mtoto hana mstari wake. Lakini huyo asiyeandikwa ndiye atakayemwamsha mhudumu saa kumi na moja alfajiri, kwa sauti ya mama yake mlangoni: “Samahani dada, naomba maji ya moto.”

Ugumu wa kumlisha uko kwenye lugha yenyewe. Kwa Mtanzania, hoteli kwanza ni mahali pa kula. Pa kulala ni gesti. Gesti ina kitanda, chandarua na ndoo ya maji ya kuoga, ila jiko hakuna. Hoteli ina jiko, lakini iko ng'ambo ya barabara na inafungwa usiku. Mtu mzima anavuka, anakula wali maharage, anarudi kulala. Mtoto anayeamka na njaa saa nane za usiku yuko katikati ya nyumba mbili, na hakuna hata moja iliyojengwa kwa ajili yake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika karne ya 19 bonde la Mto Pangani lilikuwa njia ya misafara iliyotoka pwani kuelekea milima ya Usambara na Kilimanjaro. Wapelelezi Burton na Speke walipita huko mwaka 1857 wakienda Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa. Vitabu vya wazungu hao vimejaa bunduki, shanga na homa. Watoto hawaonekani sana, ingawa katika misafara ya Afrika Mashariki wanawake walikuwemo, wakibeba vyungu, na wengine wakibeba watoto. Msafiri wa siku zile alilala kambini au kijijini, na pote pawili moto ulikuwa hatua chache kutoka kwenye mkeka. Mtoto alikula kilichokuwa chunguni, kikiwa kimelainishwa.

Kinywaji kilichofaa safari kuliko vyote kilikuwa togwa. Ni uji wa mtama, uwele au mahindi uliotiwa kimea na kuachwa uchachuke kidogo, mtamu wenye ukali wa mbali. Ukiwekwa kwenye kibuyu hauhitaji moto tena siku hiyo, na tumbo la mtoto huupokea vizuri. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania walipoupima maabara, walikuta kwamba uchachu wake huzuia baadhi ya vijidudu vinavyoleta kuhara. Mabibi wa Kizigua wa eneo hili wasingeshangaa.

Kisha reli ikaja. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, fedha zikaisha njiani, serikali ikaichukua kutoka kwa kampuni iliyofilisika, na mwaka 1902 garimoshi likafika Korogwe. Moshi lilifika 1911. Nyuma ya reli ulikuja mkonge, ambao Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893; kati ya miche 1,000 aliyoagiza, iliyopona ni 62. Kutokana na hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoizunguka Korogwe: Magunga, Ngombezi, Mnyuzi, Hale na mengineyo.

Mkonge ulitaka mikono mingi, nayo mikono ilitoka mbali: Kigoma, Songea, Rungwe, hata Ruanda na Burundi. Kuanzia 1944 ofisi ya waajiri iliyojulikana kama SILABU ndiyo iliyokusanya watu hao na kuwasafirisha. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wengi walikuja peke yao, wakiacha wake na watoto nyumbani, wakala posho ya unga na maharage, na siku ya mshahara wakaingia mjini.

Hapo ndipo hoteli ya Korogwe ilipopata sura yake. Ililishwa na mwanamume aliye mbali na kwao: manamba, dereva wa lori, utingo, karani wa stesheni. Orodha ya vyakula haihitaji maelezo zaidi ya hayo. Chai ya maziwa, mkate, maandazi, sambusa, wali, ugali, nyama, na supu ya asubuhi kwa aliyechoka jana yake. Ni chakula kizuri, cha haraka, chenye chumvi na pilipili ya kutosha. Cha mtoto asiye na magego hakuna, isipokuwa mkate uliochovywa kwenye chai. Mkate huo umelea watoto wengi wa safari, japo wataalamu wa lishe wanaulalamikia kwa haki: chai hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma.

Handeni, mji jirani, ilikuwa na bahati nyingine. Zamani magari ya kwenda kaskazini yalipitia Morogoro na Handeni kabla ya kufika Korogwe, kwa hiyo mji huo wa Wazigua ulikuwa na wapita njia wake. Barabara kuu ilipohamia Chalinze na Segera, Handeni ikabaki kando. Aliyetaka kutoka alilazimika kwenda kulala Korogwe ili awahi basi la alfajiri, na masika yakikaza, hata kufika huko ilikuwa kazi. Mama mwenye mtoto anayepelekwa hospitali alijua kwamba usiku mmoja wa gesti ni sehemu ya matibabu.

Kwa hiyo mama alibeba jiko lake mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, baada ya vita vya Uganda, sukari na unga vilipotafutwa kwa foleni, hakuna aliyetegemea hoteli imtilie mtoto sukari kwenye uji. Kilichosafiri ni chupa ya chai yenye maua ubavuni, ndani yake uji, pamoja na kikombe cha plastiki, kijiko kilichofungwa kwenye leso na sukari kidogo kwenye karatasi. Chupa hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, inastahili kuwekwa makumbusho.

Miaka hiyohiyo Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa ikihangaika na uji wenyewe. Uji mzito humshinda mtoto kumeza. Mwepesi umejaa maji, unajaza tumbo bila kumshibisha. Jibu lilipatikana kwenye kimea kilekile cha togwa: kijiko kimoja cha unga wake hulegeza uji mzito bila kuongeza maji, nguvu yote ikabaki bakulini. Msafiri aliyebeba kimea kwenye kikaratasi alihitaji tu mtu wa kumpikia.

Mtu huyo hakutoka hotelini. Alitoka nje yake, kwenye benchi na jiko la mkaa karibu na stendi. Mama ntilie amewahi kubembeleza mtoto akiwa na mwiko mkononi, hivyo haoni ajabu kuombwa supu kabla haijatiwa pilipili, kiazi kiongezwe dakika tano kilainike, au sufuria ndogo iazimwe. Mara nyingi huduma hiyo haina bei. Mama hununua sahani yake ya wali, na cha mtoto kinapita humohumo.

Sasa lami imefika Handeni, kilomita 65 kutoka Korogwe, na inaendelea hadi Mkata kwenye barabara kuu. Anayetoka Handeni leo anaweza kumpa mtoto uji nyumbani na kufika Korogwe kabla haujapoa. Gesti mpya nazo zimeanza kuweka birika la umeme chumbani, bila kukusudia kumpikia mtu uji. Mabasi makubwa bado yanasimama dakika chache. Abiria wanakimbilia chipsi na mishikaki, wauzaji wananyoosha machungwa madirishani, na mama aliyeketi kiti cha nyuma anapasua ndizi mbivu, anaiponda ndani ya kifuniko cha chupa ya chai, huku kondakta akipiga ubavu wa gari.