Daftari la Fundi: Mawazo juu ya Shule na Ujuzi katika Katanga

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba elimu ni bahari. Lakini wanaoandika historia ya elimu katika nchi yetu wamezoea kuitazama bahari hiyo kutoka bandari moja tu, yaani bandari ya vyeti. Wanahesabu madarasa yaliyofunguliwa, wanafunzi waliofaulu na diploma zilizotolewa. Hesabu hizo zina faida, lakini hazituambii mwanafunzi alijua kufanya nini alipotoka shuleni, wala kwamba aliweza kuueleza ujuzi wake kwa lugha gani.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo hilo katika Katanga. Kwanza nitakumbusha kwa ufupi jinsi shule za wakati wa ukoloni zilivyopangwa. Kisha nitatoa ushuhuda wangu mwenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia hii haikuhifadhiwa katika ofisi yoyote. Ilihifadhiwa nyumbani, na mara nyingine ilipotelea humo humo.

2. Shule ya kuandaa wafanyakazi

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Wamisionari Wabenediktini walifika Katanga mwaka 1910, na Wasalesiani wakafika Elisabethville mwaka uliofuata. Serikali ya kikoloni haikutaka kujenga shule nyingi yenyewe; iliona ni afadhali kuwapa ruzuku wamisionari. Mpango uliotolewa mwaka 1929 uliweka ngazi wazi: miaka miwili ya shule ya msingi daraja la kwanza, miaka mitatu ya daraja la pili, halafu, kwa wachache, shule maalumu za walimu, makarani na mafundi. Kwa Mwafrika wa kawaida ngazi iliishia hapo. Ni seminari tu zilizompandisha juu zaidi, naye alipandishwa ili awe padri.

Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Shule ya kambi ikawa sehemu ya mpango huo. Mtoto wa kiume alitazamwa kama mfanyakazi wa kesho: afundishwe kusoma, kuhesabu, dini, usafi na kazi za mikono. Mtoto wa kike alifundishwa kushona, kufuma na kutunza nyumba, ili awe mke wa mfanyakazi huyo.

Lugha ya shule hizo, hasa katika madarasa ya chini, ilikuwa Kiswahili. Hatuna budi kukiri kwamba uamuzi huo uliwapatia Wakatanga wengi uwezo wa kusoma na kuandika kwa lugha waliyoielewa. Lakini Kiswahili hicho kiliwekewa mpaka. Kilikuwa lugha ya kuanzia, wala si ya kumalizia. Vitabu vyake vilikuwa hasa vya kusoma, vya hesabu na vya dini. Kijana alipoingia karakana, alikuta mashine zina maandishi ya Kifaransa na msimamizi anatoa amri kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha kuamrisha tu. Kazi yenyewe alijifunza kwa kutazama mikono ya waliomtangulia, na yeye na wenzake waliielezana kwa Kiswahili chao. Ujuzi ukawa na lugha, lakini lugha hiyo haikuwa na kitabu.

3. Lugha tatu za mwanafunzi mmoja

Mimi nilianza shule katika miaka ya 1960, wakati mji wetu ulipokuwa ukibadilisha jina kutoka Elisabethville kuwa Lubumbashi. Nyumbani tulisema «batoto banaenda ku masomo». Darasani tulifundishwa kile kinachoitwa hadi leo «Kiswahili bora», na huko tulitakiwa kusema «watoto wanakwenda shuleni». Baada ya muda mfupi kilikuja Kifaransa, na Kiswahili bora nacho kikashushwa cheo. Katika shule niliyosoma, mtoto aliyeteleza na kusema Kiswahili uwanjani alivishwa shingoni kipande cha ubao, akakivaa mpaka amnase mwenzake kwa kosa hilo hilo. Nilikivaa mara nyingi. Hatimaye nikajua kunyamaza kwanza, nitafute neno, ndipo niseme. Huo pia ni ujuzi, na shule ndiyo iliyonipa.

Baba yangu alikuwa amesoma shule ya kambi katika miaka ya 1940, miaka mitano tu. Baadaye alifanya kazi ya kutengeneza pampu za maji katika karakana moja ya mjini. Alikuwa na daftari lenye jalada jeusi ambamo aliandika, kwa Kiswahili, namna ya kufungua na kufunga kila aina ya pampu aliyoijua. Majina ya vyuma aliyaandika kama alivyoyasikia kwa Wabelgiji: «buloni», «tuyo». Aliandika bila nukta, na maneno mengine aliyaunganisha yakawa neno moja refu.

Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa Université Nationale du Zaïre, na masomo yote ya fasihi yakakusanywa Lubumbashi. Miaka michache baadaye nikaingia kitivo hicho. Siku moja ya likizo nilichukua daftari la Baba pamoja na kalamu nyekundu, nikalisahihisha. Penye «fungula buloni ya chini kwanza maji itoke yote» niliandika «fungua» na «yatoke», nikatia alama ya mkato. Nilifanya hivyo kurasa kumi na moja. Nilidhani namsaidia. Baba alilitazama daftari, akasema, «Aksanti, mwanangu,» akalirudisha kabatini. Tangu siku ile sikumwona tena akiandika ndani yake.

Sikumwuliza kwa nini buloni ya chini ndiyo hufunguliwa kwanza.

4. Maandishi ya kusomwa kwa sauti

Mwaka 1965, humu humu mjini, André Yav alikuwa ametunga kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani historia ya Elisabethville kwa Kiswahili. Kijitabu hicho kilipigwa kwa mashine ya kuandikia na kupitishwa mkono kwa mkono. Waliokitunga walikuwa watu ambao elimu yao kubwa ilipatikana jikoni na mezani pa Wazungu, lakini humo walieleza kuanzishwa kwa mji, kazi, mishahara na dharau kama walivyoziona wao. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipokichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na ufafanuzi, alikutana na shida. Tahajia na mgawanyo wa maneno vilimzuia msomaji kuelewa. Suluhisho lilitoka kwa Kalundi Mango, Mkatanga aliyekisoma kwa sauti. Maneno yaliyoonekana yamevurugika machoni yalieleweka yalipofika sikioni.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka tukio langu. Baba alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, miaka ile migumu baada ya uporaji wa 1991, ambapo mishahara ya walimu ilikuwa imekwisha kupoteza thamani na wazazi ndio walioanza kubeba mzigo wa shule. Pampu ya kisima cha mtaa wetu iliharibika. Akaja mtu mmoja aliyekuwa amefundishwa kazi na Baba, mtu asiyejua kusoma, akaniomba nimsomee daftari. Nilianza kusoma masahihisho yangu, akanikatiza: «Kaka, hapana. Soma vile mzee aliandika.» Nikasoma hivyo, polepole. Alirudia kila sentensi na mikono yake ikifuata. Tulipofika kwenye buloni ya chini ndipo aliponieleza: usipotoa maji yote kwanza, yale yaliyobaki tumboni mwa pampu yatamwagika juu ya mota nawe utakuwa umeharibu vitu viwili. Kabla ya jioni watu wa mtaa walikuwa wakichota maji.

Mimi mwenye diploma nililijua kosa la upatanisho katika sentensi ile. Yeye aliijua sentensi yenyewe.

5. Hitimisho

Nisieleweke vibaya. Sipingi sarufi, ambayo ndiyo kazi yangu, wala sisemi kwamba shule haikutufaa. Bila miaka mitano ya shule ya kambi, Baba asingeweza kuandika daftari lolote. Ninalosema ni kwamba shule ya Katanga ilimpa mtu kalamu na kisha ikamwonea aibu kwa yale aliyoyaandika. Wakoloni walianza utengano huo kwa sababu walitaka mafundi wenye mikono hodari na maneno machache. Sisi tuliosoma tuliuendeleza kwa hiari yetu wenyewe, kwa kalamu nyekundu.

Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na imeagiza elimu ya msingi iwe ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Agizo hilo la elimu ya bure lilianza kutekelezwa kwa upana mwaka 2019. Ni hatua kubwa kwa wazazi, lakini mlango kufunguliwa ni jambo moja, na mtoto kukuta ndani yake ujuzi wa watu wake ni jambo jingine.

Napendekeza basi kwamba wanafunzi wetu wa Kiswahili, kabla ya kuandika kazi zao za mwisho, watembelee karakana, viwanja vya waashi na vyumba vya washonaji, wakusanye msamiati na maelezo ya kazi kama yanavyosemwa, pamoja na madaftari kama yapo. Wayanakili jinsi yalivyo kwanza. Ufafanuzi uje baadaye, kando, wala usifute kitu. Na wasisahau kuuliza kwa nini.

Daftari la Baba ninalo mpaka leo. Sikuyafuta masahihisho yangu, maana hayo nayo ni hati ya historia: yanaonyesha shule ilinifundisha nini, na mahali ilipoishia. Lakini ninapowasomea wanafunzi wangu kurasa zile, husoma vile mzee alivyoandika.