Koti Jeupe na Uchafu Usioonekana katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Lyulilo, kijiji kilicho jirani na Matema chini ya milima ya Livingstone, hujulikana zaidi kwa soko la Jumamosi la vyungu vya Wakisi, vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kuliko kwa jambo lolote la tiba. Hata hivyo mwambao huu ulikuwa na fikra zake kuhusu uchafu unaomganda mtu tangu kabla ya wamisionari Walutheri wa Berlin na wenzao Wamoravia kufika Unyakyusa, nchi ya Wanyakyusa, mwaka 1891. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1957 kuhusu matambiko ya ukoo kwamba ubunyali, yaani uchafu uliohusishwa na maiti, uliaminika kuwashika wafiwa, nao walitakiwa kupitia matambiko, kuoga kukiwemo, kabla ya kurudi katika maisha ya kawaida. Ubunyali si bakteria, na kuufanya mtangulizi wa sayansi ya vimelea ni kuupotosha. Lakini kwa watu hawa wazo kwamba mtu hatoki penye uchafu na kuingia kwa wenzake vilevile alivyo halikuwa geni.

Ulaya yenyewe, walikotoka wamisionari hao, ilikuwa wakati huo ndiyo kwanza inabadilika katika mavazi ya tiba. Hadi miaka ya 1870 daktari mpasuaji alivaa koti jeusi ambalo damu na usaha viliweza kuganda juu yake bila kuonekana sana. Mpasuaji Joseph Lister alitangaza mwaka 1867 matumizi ya asidi ya kaboliki kuua vimelea vya vidonda, na hospitali za Ujerumani zikafuata kwa kutakasa vifaa na nguo kwa mvuke. Mchoraji Mmarekani Thomas Eakins aliwachora wapasuaji wakiwa na makoti meusi mwaka 1875, na mwaka 1889 akawachora wenye mavazi meupe. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Kijerumani aliyefanya kazi Langenburg, kituo cha mwambaoni, mwishoni mwa miaka ya 1890, alifika wakati vazi jeupe la tiba lilikuwa bado changa. Baadaye, chini ya Waingereza, kazi ya kufunga vidonda na kutoa dawa za kawaida vijijini iliwaangukia madresa, wahudumu wenye mafunzo mafupi.

Weupe ulikusudiwa kuufichua uchafu, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo, kwa kuwa bakteria, viumbe vya chembe moja tu, haviachi doa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka hospitali ya KCMC, Moshi, uliwahusisha madaktari na wanafunzi 180, ukakuta bakteria katika asilimia 73 hivi ya makoti yao, wengi wao wakiwa Staphylococcus aureus, anayesababisha majipu na usaha wa vidonda. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulikuwa umeonyesha kwamba bakteria wa jamii hiyo huishi siku moja au zaidi katika vitambaa vya hospitali, na katika poliesta hata wiki kadhaa. Ni kweli kwamba kumkuta bakteria kwenye koti si ushahidi kwamba koti ndilo lililomwambukiza mgonjwa, na Uingereza, ilipoagiza mwaka 2007 wahudumu waache mikono wazi chini ya kiwiko, ilitanguliza tahadhari kuliko uthibitisho. Lakini ukingo wa mkono wa koti hugusa shuka, kisha jeraha, kisha shuka nyingine, na kiganja huzama mfukoni kutafuta kalamu mara nyingi kwa siku, hivyo tahadhari hiyo ilikuwa na sababu.

Hospitali yenye mashine huweza kufua kwa maji ya nyuzi joto 71 kwa dakika tatu, kipimo kinachoua bakteria walio wengi. Wilayani Kyela, iliko Matema, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ufuaji wa nyumbani hukutana na kikwazo kingine: masika ya Aprili huinyima nguo jua, na sare iliyoanikwa ndani hubaki na unyevunyevu unaowafaa vimelea. Kwa mhudumu mwenye sare mbili tu, kinachobaki ni maji yaliyochemka na pasi ya mkaa, ikipitishwa polepole juu ya ukingo wa mkono na mdomo wa mfuko mpaka mvuke wa mwisho utoke.