Wodi za Isleworth na Chimbuko la Utengamao wa Wazee

Mwaka 1935 Hospitali ya West Middlesex, iliyoko Isleworth magharibi mwa London, ilikabidhiwa wodi za nyumba ya maskini iliyopakana nayo, yaani makazi ya umma ambamo sheria za zamani za Uingereza ziliwahifadhi mafukara na wazee wasio na wa kuwatunza, na wagonjwa 714 waliokuwamo wakawa chini ya Marjory Warren, daktari aliyezoea zaidi kazi ya upasuaji.

Wengi wao walikuwa wamelala miaka mingi bila kupimwa ipasavyo. Aliyepooza kwa kiharusi aliweza kuwa pia na moyo dhaifu, mtoto wa jicho na magoti yenye baridi yabisi, na kwa kuwa mchanganyiko huo haukuwa na bingwa wake, aliitwa mgonjwa sugu, akaachwa kitandani, ambako misuli ilinywea, viungo vikakakamaa na ngozi ikatoboka vidonda vya kulalia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ulemavu wake, jambo la kuhuzunisha mno, ilitokana na kitanda chenyewe.

Warren alimpima kila mmoja upya, akawapanga kwa makundi, kisha akaanzisha utengamao, yaani kumrejeshea mtu uwezo wa kujihudumia kadiri mwili unavyoruhusu. Kuta zilipakwa rangi ya kung'aa, vishikio vikawekwa. Lakini badiliko zito zaidi liliwapata wauguzi, ambao walikuwa wamefunzwa kwamba wodi njema ni ile yenye shuka zilizonyooka na wagonjwa waliotulia. Kumvisha mzee shati ni kazi ya dakika mbili. Kumwacha alivae mwenyewe, akitanguliza mkono uliopooza na kupumzika kila moyo unapomwenda mbio, huweza kuchukua nusu saa, na muuguzi hana budi kusimama kando, mikono yake imetulia, huku akijua ni wakati gani hasa wa kumsaidia. Ujuzi huo haukupatikana katika taaluma moja, ndiyo maana daktari, muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na afisa wa ustawi wa jamii walilazimika kumjadili mgonjwa yuleyule pamoja.

Vitanda vilivyohitajika vilipungua hadi 240. Warren aliyaeleza hayo katika majarida ya kitabibu mwaka 1943 na 1946, na mwaka 1947 madaktari wenzake waliungana naye kuunda chama cha tiba ya wazee, mwaka mmoja kabla ya Uingereza kuanzisha huduma ya afya ya taifa, iliyorithi wodi nyingi za namna hiyo, zikiwa bado zimejaa watu waliolala.