Ngome ya Sumter: Njaa ilipoishinda mizinga

VITA vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani vilianza Aprili 12, 1861 katika ngome ya Sumter, iliyojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa kwenye mlango wa bandari ya Charleston, jimbo la South Carolina. Kisa chake chaonyesha kwamba ngome ya pwani huishi kwa njia ya chakula kuliko unene wa kuta zake.

South Carolina ilijitenga na Muungano Desemba 20, 1860. Siku sita baadaye, Meja Robert Anderson alikihamishia kikosi chake Sumter usiku. Ngome hiyo, iliyoanza kujengwa 1829, ilikuwa bado haijakamilika. Ilikusudiwa kuwa na mizinga 135 na askari 650. Anderson alikuwa na mizinga 60 na watu wapatao 85, bila kuhesabu vibarua wa ujenzi.

Maji yaliyomlinda ndiyo yaliyomfunga. Januari 9, 1861, meli ya Star of the West, iliyomletea askari na vyakula, ilishambuliwa kwa mizinga kutoka kisiwa cha Morris ikarudi ilikotoka. Aprili 7, alikatazwa hata kununua chakula katika soko la Charleston.

Rais Abraham Lincoln alimwarifu gavana wa jimbo hilo kwamba angepeleka chakula tu, na kuwa askari na silaha havingeongezwa iwapo meli hazingezuiliwa. Hivyo waasi walibaki na mambo mawili: waache chakula kipite, ama wawe wa kwanza kufyatua. Anderson aliwaambia kuwa angeondoka Aprili 15 adhuhuri asipopata mahitaji wala amri mpya. Hawakungoja.

Saa kumi na nusu alfajiri, mizinga ya Jenerali Beauregard, aliyekuwa mwanafunzi wa Anderson katika chuo cha kijeshi cha West Point, ilianza kunguruma. Kwa muda wa saa 34, makombora zaidi ya 3,000 yalielekezwa ngomeni. Ili kuwakinga watu wake wachache, Anderson alitumia mizinga ya ghorofa ya chini pekee. Ile mikubwa ya juu ikaachwa. Mifuko ya baruti ilipokwisha, askari walishona mingine kwa mashati na mablanketi, wakiwa na sindano sita tu.

Risasi za chuma zilizopashwa moto ziliteketeza mabweni, na moto ukaikaribia ghala ya baruti. Meli za mahitaji zilikuwa zimefika nje ya bandari, lakini bahari iliyochafuka na mizinga ya adui vilizizuia kuingia. Aprili 13, Anderson akasalimu amri. Hakuna aliyeuawa na makombora hayo.

Baadaye mambo yaligeuka. Kuanzia Agosti 1863, mizinga ya Muungano iliziponda kuta za Sumter zikawa kifusi. Hata hivyo waasi hawakutoka, kwa sababu mashua ziliwaletea chakula, baruti na askari wapya kutoka Charleston usiku. Waliihama Februari 17, 1865, majeshi ya Jenerali Sherman yalipotishia kuukata mji huo kutoka bara.

Ngome yenye kuta ilianguka kwa siku mbili. Kifusi chenye chakula kilidumu mwaka mmoja na nusu.