Chumvi, Sukari na Maji

Bibi aliamini mtoto anayeharisha asipewe maji, yasije yakamzidishia. Mwanawe wa kwanza alimfia hivyo, midomo imekauka.

Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walifurika Bangaon, India, wakaandamwa na kipindupindu. Dripu zilipoelekea kwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha maji yenye glukosi na chumvi. Utumbo unaofyonza sukari hufyonza na chumvi, kisha maji hufuata. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Nilipoharisha na kutapika utotoni, bibi alikuwa keshafundishwa zahanati: lita ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Alininywesha usiku kucha, kidogo kidogo, akiniita kwa jina la mwanawe.